Kivuli Changu Bado Kipo

Uji wa pilipili manga ukianza kuchemka hutoa harufu inayopanda puani na kukaa hukohuko. Mimi nikiinusa, hata kama inatoka dirishani kwa mtu nisiyemjua, umri wote huu hunivuka nikawa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa kwenye ngazi ya duka la Baba kule Lizaboni, Songea, midomo imenikauka, nakitazama kivuli changu. Msinicheke. Wengine mna kumbukumbu za baiskeli ya kwanza au viatu vya sikukuu. Yangu mimi ni ya kivuli, na niseme mapema kwamba naringa nayo mpaka leo.

Sisi hatukuwa wenyeji wa mjini. Kwetu ni Nalasi, wilaya ya Tunduru, kwenye mikorosho. Baba alihamia Songea ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na rafu zilizozoea kukaa tupu zikaanza kujaa sabuni za rangi rangi na mafuta ya nywele yenye harufu ya matunda tusiyoyajua. Alikodi nyumba yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, akakigeuza duka. Kila kilichouzwa humo kilitoka Dar es Salaam kwa lori: chumvi, viberiti, sukari, hata pipi. Baba alilitamka jina la Dar taratibu na kwa adabu, kama mtu anayemtaja mkwewe.

Duka lilipoanza kusimama, kitu cha kwanza alichojinunulia kilikuwa redio kubwa ya kaseti, ya betri, yenye mpini wa kung'aa. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama tu. Jioni Baba aliiweka barazani, akaivuta antena mpaka mwisho, na majirani wakaja kusikiliza habari kwa sauti ya juu, maana Baba hakuona sababu ya kuwa na redio halafu mtaa wa pili wasiisikie.

Mwaka ninaousimulia, Ramadhani iliangukia mwezi wa pili, ikaanza wiki moja na Kwaresima ya Wakatoliki. Mtaa mzima ukawa na njaa. Upande wetu tulifunga sisi, na upande wa pili wa ua, upande wa mashariki, walifunga kina Komba, Wangoni wa hapohapo, waumini wa kanisa tangu babu zao. Mama Komba aliacha nyama, na mumewe, Mzee Komba, aliacha pombe yake ya komoni, jambo lililomfanya awe mkali kidogo asubuhi. Ikifika jioni wote walihamia barazani kwetu kufuturu pamoja nasi, Mama Komba akiwa na ndoo yake ya togwa. Mama alipika magimbi kwa karanga huku akiilalamikia Songea kwa kukosa nazi.

Na mvua ilikuwa inanyesha. Mwezi wa pili kule ni mvua juu ya mvua, mbingu imeshuka mpaka kwenye mapaa, asubuhi na jioni hazina tofauti. Mvua ikipiga bati huwezi kusikia adhana ya msikiti wetu, ambao ulikuwa mbali kidogo na sisi. Jua lenyewe hatukuliona. Kwa hiyo tulifungua kwa redio. Mtangazaji alisema kwa sauti yake nzito kwamba muda wa kufuturu umewadia kwa Dar es Salaam na vitongoji vyake, adhana ikafuata, na baraza zima likasema bismillahi.

Siku ya kwanza kaka yangu Hemedi, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akauliza, "Baba, vitongoji ni nini?"

Baba akapunga mkono kuonyesha rafu, barabara, na Lizaboni yote. "Vitongoji ni sisi. Sukari unayokunywa inatoka wapi?"

Jibu hilo lilituridhisha wote, pamoja na Mzee Bakari, mwuza mitumba kutoka Tanga aliyepanga chumba cha nyuma na ambaye kwa kawaida hakuridhika na jibu la mtu yeyote.

Mimi mwaka huo nilitaka kufunga siku nzima. Watoto wa rika langu walifunga mpaka adhuhuri, wakapewa uji, wakasifiwa, na mambo yakaishia hapo. Hemedi ndiye aliyeniudhi. Alisema mtoto wa kike wa miaka tisa hawezi kumaliza siku bila kuwa kobe. Kobe ni mtu anayejifanya amefunga huku anakula kwa kificho, anachomoa kichwa akiona hakuna mtu, akisikia mlio anakirudisha. Watoto walimzomea kobe mtaa mzima, na jina likishakuganda lilikaa mpaka Idi, wakati mwingine mpaka Idi ya mwaka wa pili. Nikaapa mbele ya Mama kwamba nitafunga siku moja kamili, isiyo na hata tone la maji, ili Hemedi akose cha kusema maisha yake yote.

Mama alinitazama, akasema, "Sawa. Lakini usikae kutazama vyungu. Tafuta kitu kingine cha kutazama."

Siku niliyofunga ilikuwa Jumapili, na mbingu zikafunguka. Baada ya siku zote zile za mawingu jua lilichomoza juu ya milima ya Matogoro likiwa limeoshwa, madimbwi yakang'aa, kuta zikaanza kutoa mvuke. Nilipotoka uani nikakikuta kivuli changu, ambacho sikuwa nimekiona tangu mwezi uandame. Kililala chini chembamba, kirefu kuliko mtu yeyote ninayemjua, kichwa kimeelekea magharibi, upande wa Peramiho. Nikaamua hicho ndicho nitakachokitazama.

Niliketi kwenye ngazi, kila mara nikisimama palepale kwenye jiwe lililokuwa mbele ya duka ili nione kimefika wapi. Kwanza kichwa kilikuwa kwenye mtaro. Kisha kikatoka mtaroni, kikaja kwenye kigingi cha mbuzi, kikaendelea kunifuata kama mtoto anayeitwa na mamaye lakini hataki kuja haraka. Kina Komba walipita kwenda misani wakiwa wamevaa vizuri, kivuli kikiwa bado kirefu. Waliporudi kilikuwa kimefupika, urefu wake haunifiki kiunoni. Mtoto wao wa kike, rafiki yangu Agripina, akaniambia kwamba Jumapili haihesabiwi kwenye Kwaresima, wao leo wanakula. Nilimwonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu tena.

Redio ndani ilitangaza saa sita kamili. Nikaruka juu ya jiwe langu, kwa maana tulifundishwa shuleni kwamba saa sita jua huwa utosini na kivuli huisha. Nikatazama chini. Kivuli kilikuwepo, kifupi na kinene, bado kimelalia upande wa Peramiho. Nikasubiri. Hemedi akapita anakula hewa kwa mdomo ili kunitania, akasema, "Kobe hujulikana kwa macho tu." Njaa ilikuwa imepita, imebaki kiu, na kiu ile ilikuwa na sauti. Kivuli kilijivuta polepole kuja miguuni, na ilikuwa karibu na habari ya saa saba kilipoingia chini ya nyayo zangu na kupotea kabisa.

Mimi sikujua kwamba katika mji wetu jambo hilo hutokea kwa siku chache tu katika mwaka. Nilidhani ni saumu. Nilikimbilia jikoni, "Mama! Kivuli changu kimeondoka!"

Mama aligeuka na mwiko mkononi, akanitazama miguuni, kisha akanishika kichwa kuona kama kimechemka. "Kimeingia ndani kupumzika," alisema. "Na wewe ingia."

Nikalala kwenye mkeka nikiwaza. Nilichowaza ni kwamba jua la leo nalo limefunga, ndiyo maana linajikokota nyuma ya redio. Nililihurumia kwa dhati.

Alasiri nilipotoka, kivuli kilikuwa kimerudi, lakini upande mwingine. Sasa kililala kuelekea kwa kina Komba, kuelekea Matogoro kulikotoka jua, na kila nilipokitazama kilikuwa kimeongezeka. Kikafika kwenye kamba ya nguo. Kikapita kamba ya nguo. Jua lilikuwa limeshuka mwisho wa barabara, mwanga wake ukipita juu ya matope moja kwa moja mpaka kwetu, na mimi mwenye miaka tisa na miguu ya korongo nilikuwa na kichwa kinachogusa ua wa jirani. Sikuwahi kuwa mkubwa kiasi kile. Nikainua mkono, na huko mbali mkono mkubwa ukainuka juu ya ua wa matete wa Mama Komba, na nikajisikia kwamba mtu wa namna hii hawezi kushindwa na glasi ya maji.

Mkeka ukatandikwa barazani. Baba alikaa katikati, redio pembeni yake bila kitambaa. Mzee Bakari akakaa kushoto, Mzee Komba kulia, vijana wawili wa Tunduru waliokuja kununua bidhaa wakakaa mbele. Mwisho wa baraza, upande wa magharibi, Baba alikuwa amepanga makreti ya soda mpaka karibu na paa, kwa hiyo pale walipokaa palikuwa na kiza kizuri cha jioni. Mimi nilipewa kikombe cha uji, na kwa heshima ya siku ile nikapewa tende nzima peke yangu. Nilikaa nayo kwenye ngazi, nje ya kiza cha makreti. Baba aliwaambia wageni, "Huyu binti yangu leo kafunga siku nzima," na wote wakasema mashaallah, hata Mzee Komba. Hemedi alitazama pembeni.

Mtangazaji akazungumza. Dar es Salaam na vitongoji vyake. Adhana ikapaa. Mikono ikaenda kwenye sahani.

Mimi tende yangu ilikuwa imefika mdomoni, nausikia utamu wake kwenye mdomo wa juu, nilipotazama chini kwa mazoea ya kutwa nzima. Kilikuwepo. Kilikuwa kimelala pale pale, kirefu kupita kiasi, kichwa kimepanda ua. Nikageuka mwisho wa barabara, nikaliona jua lenyewe, jekundu, zima, limekaa juu ya mapaa ya watu.

Nataka mnielewe. Sikuwa na nia ya kumsahihisha mtu. Nilichokijua ni kwamba saumu huisha jua likizama, na kwamba nimekaa kutwa nzima kwa ajili ya saumu hii moja, na kwamba nikiimeza tende hii jua likiwa linanitazama, basi Hemedi atakuwa amesema kweli. Nitakuwa kobe. Nikaitoa tende mdomoni.

"Baba," nikasema, "kivuli changu bado kipo."

Redio iliendelea peke yake. Mzee Bakari ndiye aliyejibu kwanza, na shavu moja limejaa. "Kivuli gani, mtoto? Adhana hiyo husikii? Nchi moja, saa moja."

"Ameanza ujuaji," Hemedi akasema.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Aliniambia kwa macho ninyamaze, na ningenyamaza, wallahi, lakini machozi yalikuwa yameshaanza. "Jua halijazama, Baba. Mimi nimelitazama leo lote. Saa sita ya redio nayo ilikuja mapema. Redio inatangulia."

Baba alikuwa na tende kati ya vidole viwili. Hakukasirika na hakucheka. Aliitazama ile tende, akanitazama mimi, kisha akairudisha kwenye sahani, akajifuta vidole kwenye kanzu, akainuka. Aliwapita wageni, akapita mbele ya makreti yake ya soda, akashuka ngazi bila viatu mpaka kwenye jiwe langu, na mwanga ukampiga. Kivuli chake kikaanguka kando ya changu, kikauvuka ua wa kina Komba, kikapanda ukutani mwao. Alisimama hapo akikitazama. Akageuka akalitazama jua. Akakitazama kivuli tena.

Aliporudi kwenye ngazi, alinyoosha mkono akaizima redio. Sikuwahi kumwona akiizima adhana wala habari wala chochote kabla ya mwisho wake.

"Msile," alisema. "Mtoto amesema kweli. Jua lipo."

"Yangu imeshapita," akasema Mzee Bakari, ameshika koo.

Mzee Komba alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mimi nakula zangu," alisema, "sisi leo Jumapili. Lakini Baba Hemedi, haki ya Mungu, mtoto huyu kampiga chenga mtangazaji!"

Baba hakuketi. Alisimama juu ya ngazi akiitazama barabara ya Lizaboni, na nikaona jambo fulani likimwingia polepole, na lilipomwingia likamnyoosha mgongo. "Kumbe sisi siyo vitongoji," alisema. "Wale wana jua lao. Sisi tuna letu."

Akanishika mkono, tukaenda kusimama kwenye jiwe. Wageni wote wakatoka kwenye kiza cha makreti, kila mmoja akasimama na kivuli chake, tukawa safu nzima ya watu warefu tuliolala mpaka kwa jirani. Agripina alikuja akasimama nasi ingawa alikuwa ameshiba. Vivuli vikafifia kutoka kichwani kuja miguuni, vikawa moshi, na mwisho nikatazama chini nikaona matope tu. "Hakipo," nikasema. Na wakati huohuo, kwa kuwa redio ilikuwa kimya na mvua haikuwepo, tukaisikia kwa mbali adhana ya msikiti wetu wenyewe. Nikala tende yangu. Sijapata kula kitu kitamu kama kile, na Hemedi, nashukuru kusema, ndiye aliyeniletea maji.

Toka siku hiyo kazi ikawa yangu. Jioni yenye jua Baba aliniuliza kutoka ndani ya duka, "Somoe, kivuli?" Nikajibu "Bado," na baraza zima likasubiri. Jioni yenye mawingu alimtuma Hemedi msikitini kwa baiskeli, arudi anapiga kengele. Redio ilirudishiwa kitambaa chake, ikabaki na habari na mpira.

Nami sikuacha kutazama. Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, watu wote wakahamia uani kuota jua, nikaona kwamba mbele ya duka ni kivuli kutwa, na kwamba mchana kivuli changu hakiingii tena chini ya nyayo bali kinanyooka kuelekea barabarani, upande wa kusini. Ilipokaribia Krismasi ya kina Komba kilikuwa kimehamia upande wa pili, kifupi, kimegeukia ukuta wa duka. Kati ya hapo na pale ndipo palikuwa na siku zake chache za kupotea. Nilimweleza kila aliyekuwa tayari kusikiliza, na wengi ambao hawakuwa tayari.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kilichotokea jioni ile. Utotoni niliamini kwamba jambo kubwa lilikuwa macho yangu. Leo nimefanya kazi na watu wa kila namna, nimewaona wakubwa wakiambiwa na mdogo wao jambo ambalo lingethibitika kwa kufungua tu dirisha, na dirisha halikufunguliwa. Baba alikuwa mtu wa kujiona, sitaficha. Redio ilikuwa fahari yake, wageni walikuwa wake, na aliyempinga alikuwa binti wa miaka tisa anayelia. Tena alijua mara moja, kabla yetu sote, kwamba kama leo redio imetangulia, basi imetangulia siku zote zile za mvua. Usiku uleule alipita kwa kila aliyekuwa amefungua barazani kwake kumwambia. Baada ya Idi alizilipa siku zile, yeye na Mama, akiwa dukani anauza soda baridi kwa watu wengine. Mimi nilidhani amepunguza kula kwa sababu biashara ni mbaya.

Lakini alitoka nje akaangalia. Ndicho ninachojivunia kuliko kivuli chenyewe. Nina baba aliyeweka tende chini akatoka nje akaangalia.

Sasa mimi ndiye ninayekaa Dar, Mbagala, ndani kabisa ya vitongoji vyake. Baba yupo Lizaboni, duka analiendesha Hemedi, na mzee hukaa kwenye ile ngazi na simu niliyompa mwaka juzi. Kila Ramadhani, jua la huku linapozama na uji uko mezani, simu huita kabla sijanyanyua kikombe.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Somoe, kivuli?"

"Hakipo, Baba."

"Basi kula, mama," huniambia, na nyuma yake nasikia watoto wa Hemedi wakigombania jiwe. "Kula usinisubiri. Mimi changu bado kipo."